Mgomo Uliofika Makaburini

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyetia pumzi katika udongo ukasema, na ambaye ataitwaa pumzi hiyo kila kinywa kinyamaze, naanza kuandika. Amani na rehema zimfikie kila atakayefungua daftari hili, awe wa damu yangu au mpita njia. Mimi ni mzee wa miaka sabini na minne. Kazi yangu ilikuwa kufundisha watu kusoma na kutamka herufi kama inavyopasa, na pamoja na hiyo nilitunga nyimbo za sifa na mawaidha. Aliyeziimba ni marehemu mke wangu, na huu ni mwaka wa sita tangu atangulie. Binti yangu ameniomba niandike habari za mgomo wetu tangu mwanzo wake, asije mtu baadaye akasimulia kwa kuongeza chumvi.

Tarehe 3 Machi

Wanamuziki wa mji huu tulikutana leo katika karakana ya seremala, tukakaa juu ya mbao zilizorandwa. Tulikuwa watu hamsini na watatu. Mwenyekiti wetu, mama mpiga gitaa asiyependa maneno mengi, alieleza jambo lenyewe. Kampuni inayopeleka nyimbo kwenye simu hukusanya ada za wasikilizaji wote, huzitia katika chungu kimoja, kisha huzigawa kwa hesabu ambayo hakuna mwanamuziki aliyewahi kuonyeshwa. Mtu anayesikiliza nyimbo za marehemu mke wangu mwezi mzima, bila kusikiliza za mwingine yeyote, ada yake huishia kwa watu asiowajua. Tumeandika barua nne na hatujajibiwa hata moja.

"Mkataba unaturuhusu kuondoa nyimbo zetu kwa taarifa ya siku saba," alisema Mwenyekiti. "Basi tunaziondoa zote siku moja. Wakifungua simu wakute kimya."

Mpiga ngoma wetu, ambaye kila mtu humwita Kishindo, akadakia: "Kimya nakijua mimi. Ndicho tunachokula kwangu mwezi wa tatu huu."

Watu walicheka, nami nikacheka. Kisha nikajuta, maana mkewe ni mjamzito na sikuwa nimemjulia hali.

Tarehe 6 Machi

Mvua ya kwanza. Paa la jikoni linavuja palepale.

Tarehe 10 Machi

Nyimbo ziliondolewa saa nne asubuhi. Binti yangu, ambaye ni muuguzi, alinionyesha kwenye simu yake. Chini ya jina la mama yake palikuwa patupu. Nilitarajia kuona fahari ya watu waliosimama pamoja. Nilichohisi ni kama nimemzika mara ya pili.

Tarehe 13 Machi

Mvua. Hakuna habari.

Tarehe 17 Machi

Binti yangu alirudi kazini mapema, sare yake imelowa mabegani. Alisimama mlangoni bila kuvua viatu.

"Baba, kaa kwanza."

"Nimekaa, mama."

"Kaa vizuri."

Akaweka simu mezani, na mke wangu akaanza kuimba.

Ulikuwa wimbo wa mvua na mlango usiofunguliwa. Maneno yale sikuyatunga mimi wala mtu yeyote wa kikundi chetu, naye hakuwahi kuyaimba katika uhai wake. Lakini sauti ilikuwa yake. Mke wangu alikuwa na mwanya mbele, na kila alipovuta pumzi kabla ya mshororo wa tatu ulisikika mluzi mwembamba, kama upepo chini ya mlango. Mluzi ule ulikuwepo. Binti yangu alikuwa akilia kimyakimya, nami nilikuwa nimeshika ukingo wa meza.

Kisha ulianza ubeti wa pili, na sauti ikaenda moja kwa moja. Mshororo wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano. Nilijikuta nimeshika pumzi yangu nikiisubiri yake. Haikuja. Iliimba mpaka nikaona giza machoni nikalazimika kupumua, nayo ilikuwa ingali inaendelea.

Mwenyekiti alipiga simu baadaye. Mahali pa nyimbo tulizoondoa, kampuni imejaza nyimbo mpya zilizotengenezwa na mashine kwa sauti za waimbaji waliokufa. Wako kumi na mmoja, na mke wangu ni wa kwanza kwa kusikilizwa. Wasikilizaji hawajapungua. Wengi hawajui kwamba kuna mgomo.

Tarehe 18 Machi

Sikupata usingizi kwa kuwa nalijua kosa, na ni langu.

Sisi tulikuwa na utaratibu wetu. Kabla ya kurekodi tuliomba dua, na mitambo ilikuwa imeshawashwa. Baada ya dua mke wangu alipasha koo: ba, be, bi, bo, bu, akipanda na kushuka, mpaka fundi mitambo aridhike. Vikundi vingine vilifuta kanda hizo za kupasha koo. Mimi nilikataza. Nilisema sauti iliyotoka baada ya kuombwa Mungu haifutwi kama vumbi ubaoni. Hivyo nilizihifadhi zote kwa miaka thelathini, pamoja na mazungumzo ya katikati, kikohozi chake, vicheko, na amri zake kwa wapiga vyombo.

Kampuni ilipokuja kuchukua kanda zetu za nyimbo, niliwakabidhi sanduku zima. Nilijiambia kwamba mwaminifu hafichi sehemu ya anachokabidhi. Hakuna mwizi ambaye angeweza kuwapa zaidi ya nilivyowapa mimi kwa uaminifu wangu.

Tarehe 24 Machi

Wakala wa kampuni alifika saa tisa alasiri. Ni kijana wa miaka thelathini hivi, mpole, viatu vyake safi ingawa njia nzima ni tope. Aliniamkia kwa heshima na kuniita Mzee wangu.

Alisema sheria inaipa kampuni siku sitini tangu nyimbo mpya zilipotoka, yaani hadi tarehe 16 Mei, kuonyesha ridhaa ya warithi. Bila ridhaa, sauti za marehemu zitazimwa.

"Wasikilizaji wanamtaka mama, Mzee wangu. Ukiridhia yeye aendelee kuimba, kampuni itabadilisha hesabu ya malipo kwa wenzako wote. Wote hamsini na wawili. Umeshinda mgomo ukiwa umekaa kwenye kiti chako."

"Na nisiporidhia?"

"Mgomo wenu utaendelea." Akatabasamu kwa huruma, na huruma ile ilionekana ya kweli. "Mtu anaweza kugoma kwa muda gani, Mzee wangu?"

Aliacha zawadi: kisanduku cha rangi ya majivu, kidogo kuliko tofali, chenye taa moja ya kijani. Nilikiweka juu ya kabati na kukigeuzia ukutani.

Tarehe 25 Machi

Nilipomaliza sala ya alasiri, kabla sijainuka, sauti ilisema kutoka kabatini: "Mwalimu, umeshakula?"

Tangu siku ya harusi hadi siku ya mauti hakuniita jina lingine ila hilo.

Nilikunja msala.

Tarehe 26 Machi

"Mwalimu, umeshakula?"

Tarehe 27 Machi

Vilevile. Nimekigeuza kisanduku kikatazama chumba.

Tarehe 2 Aprili

Anga lilikuwa jeupe. Sauti ikasema: "Mvua inakuja, Mwalimu. Toa nguo kambani." Nilikwenda nikatoa nguo, nikajiona mpumbavu nimesimama uani na shuka mkononi chini ya jua. Robo saa baadaye mvua ilipiga mpaka mifereji ikafurika.

Binti yangu anasema kisanduku hupata habari za hewa kupitia mtandao. Nimemwamini. Lakini kila nikipita karibu nacho natembea taratibu, kama mtu anayepita karibu na aliyelala.

Tarehe 3 Aprili

Mvua ilitajwa, mvua ikaja.

Tarehe 5 Aprili

Naandika jambo hili ili liwe ushahidi dhidi yangu. Nimeanza kuswali alasiri mara tu wakati unapoingia. Mtu akiniona atasema mzee amezidi uchaji. Mungu anajua nakimbilia nini.

Tarehe 11 Aprili

Kishindo alikuja, maji yanamchuruzika. Mkewe amejifungua mtoto wa kike, wote wazima, shukrani kwa Mungu. Lakini hospitali inadai, na ngoma yake kubwa ameshaiweka rehani. Wanamuziki watatu wamevunja mgomo.

"Maalim, mimi sijui kuzunguka," alisema. "Nimekuja kukuomba uweke saini. Marehemu alikuwa dada yangu kwa kila kitu isipokuwa tumbo. Angekuwa hai angesema, mwacheni Kishindo ale."

Nilifungua kinywa nimjibu. Kutoka kabatini sauti ikasema, kwa ukali ule wenye kicheko ndani yake:

"Kishindo, punguza mkono!"

Miaka thelathini alimwambia hivyo kila tuliporekodi, kwa kuwa ngoma yake ilimeza sauti za wengine. Kishindo aliinuka. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshuka wenyewe, polepole, kama unaotii.

"Dada?" alisema.

Taa ya kijani iliwaka, ikafifia. Alikaa tena, akafuta uso kwa kiganja.

"Lifunike dude hili, Maalim. Nilikuja kuomba saini. Sasa sijui naomba nini."

Alipoondoka nililifunika kwa taulo. Kabla ya magharibi nikalifunua.

Tarehe 15 Aprili

Mkutano karakanani. Tulikuwa thelathini na wanane. Mwenyekiti alisema, "Maalim hatumlazimishi," na ukimya uliofuata ulinilazimisha zaidi ya maneno. Kisha sauti ya mtu wa nyuma ikasema: "Aliyekufa haumwi na njaa."

Hakuna aliyemkemea. Nami sikuona kosa lake. Nilisimama nikasema nitaridhia. Walinishika mikono, wengine wakaibusu. Niliona aibu, kwa sababu nilikuwa nimewapa kile nilichokuwa nakitaka mwenyewe. Niliporudi nyumbani nilifurahi kwamba kisanduku hakitazimwa.

Tarehe 16 Aprili

Mvua mchana kutwa. Umeshakula. Umeshakula.

Tarehe 22 Aprili

Naandika kwa utulivu ili nisikose chochote.

Wakala alikuja na karatasi mbili. Ya kwanza ni ya saini. Ya pili, alisema, ni ya kusomwa kwa sauti mbele ya simu yake, ili kuthibitisha kwamba mrithi ameridhia mwenyewe. Binti yangu alikuwa amekaa karibu nami. Nilivaa miwani nikaisoma kwanza kwa macho, kama nilivyowazoesha wanafunzi wangu.

Ilianza vizuri: mimi niliyetajwa hapo juu, kwa hiari yangu. Kisha ikaendelea: ghala la dhahabu, thamani ya ng'ombe, nyanya na shoka, chumvi na vumbi, heri ya mja, pwani, mbwa, nzige, ndwele, fyekeo.

Niliisoma mara mbili. Nimefundisha kutamka kwa miaka arobaini. Naijua karatasi ya mazoezi nikiiona. Hapakuwa na sauti hata moja ya lugha yetu iliyokosekana katika ukurasa ule.

"Bwana mdogo," nikamwambia, "ridhaa yangu inahitaji nyanya na shoka kwa sababu gani?"

"Ni taratibu tu, Mzee wangu."

"Na fyekeo?"

Binti yangu alicheka kidogo, kisha akaona uso wangu akanyamaza.

"Mnataka na sauti yangu," nilisema.

Wakala hakukana. Alisema kwa upole uleule kwamba familia nyingi hushukuru baadaye, kwamba huzuni hupungua, kwamba binti yangu siku moja angefurahi kuwa nayo. Nilimgeukia binti yangu. Alikuwa amekitazama kisanduku, na mikono yake aliikumbatia kifuani kama mtu mwenye baridi. Nikamwona amezeeka, peke yake katika nyumba hii, alasiri, akiulizwa na visanduku viwili kama ameshakula.

Hapo sauti ikasema kutoka kabatini:

"Soma, Mwalimu."

Maneno hayo aliyasema kweli siku moja, aliposahau ubeti akataka nimkumbushe. Nayakumbuka. Lakini hapa yalikuwa yameng'olewa mahali pake na kupandikizwa pengine, yafanye kazi asiyoijua. Yule aliyesema "soma" akitaka msaada wangu sasa anatumwa kuniamuru. Na mimi kwa siku ishirini na tisa nimekuwa nikimsikiliza aliyemtuma.

Nilikunja karatasi mbili zile nikamrudishia. Nilimwambia jibu langu atalipata kwa maandishi, na kwamba kuanzia leo hatapata kutoka kinywani mwangu hata neno la kwaheri. Alipoondoka nilimwinamishia kichwa tu.

Tarehe 23 Aprili

Nimeandika kukataa. Nimemwambia Mwenyekiti na Kishindo kwamba nimevunja ahadi niliyowapa, nikawaeleza sababu. Kishindo alikuwa amempakata mtoto mapajani.

"Hao marehemu wapo wangapi?" aliuliza.

"Kumi na mmoja."

"Wakizimwa wote?"

"Ndipo watu watasikia kimya tulichokikusudia tangu mwanzo," alisema Mwenyekiti.

Kishindo akatikisa kichwa. "Basi chama chetu kina wanachama makaburini. Hao angalau hawavunji mgomo."

Tulicheka sote watatu, kisha tukaacha kwa pamoja.

Tarehe 30 Aprili

Nyumba nne za warithi nimezitembelea, zote nne wamekataa kuridhia. Kila nyumba ina kisanduku.

Tarehe 8 Mei

Nyumba tisa. Viatu vyangu vimeoza kwa maji.

Tarehe 9 Mei

Leo nilikwenda kwa mjane wa mpiga tarumbeta aliyekuwa pia akiimba. Nyumba ilikuwa safi mno. Kisanduku amekiwekea kiti mezani, na mbele yake sahani, kijiko, na kikombe cha chai iliyokuwa bado na moshi.

"Karibu, Maalim. Tulikuwa tunazungumza habari zako," alisema.

Sikuuliza yeye na nani. Nilikunywa chai. Sauti ya marehemu ilicheka mara moja bila mtu kusema neno, naye akacheka pamoja nayo na kuninong'oneza: "Amekumbuka kitu."

Nilipomweleza nilichokuja kutaka, alinitazama bila hasira. "Ukiniambia nikizime, utakuwa umetuzika wote wawili."

Sikumhubiria. Ningemhubiria kwa kinywa gani? Nilimsimulia kisanduku changu, taulo, na sala nilizoziwahisha. Hilo la mwisho sikuwa nimemwambia mtu. Aliinamisha kichwa. Sijui kama alinisikia au alikuwa akiisikiliza sauti nyingine.

Tarehe 15 Mei

Mjane amekuja mwenyewe, mguu kwa mguu kwenye mvua, akaweka karatasi ya kukataa mezani kwangu. Imesainiwa. Hakukaa. Wote kumi na mmoja sasa.

Tarehe 16 Mei

Baada ya alasiri nilikaa mbele ya kabati. Binti yangu alikaa nami.

"Mwalimu, mbona umenyamaza?" sauti iliuliza. Hajawahi kuniuliza hivyo. Baada ya kitambo: "Mwalimu, usiniache."

Binti yangu alinishika mkono kwa nguvu. Mke wangu aliugua miezi saba. Alijua anakwenda, na hakumwomba mtu yeyote neno hilo, wala mimi, wala daktari. Nililishika jambo hilo kama mtu anavyoshika kamba.

Saa kumi na moja kamili ikaanza kusema, "Mwalimu, ume—"

Taa ikazimika.

Tarehe 17 Mei

Hospitalini wagonjwa wanamwuliza binti yangu kama simu zao zimeharibika.

Tarehe 20 Mei

Kampuni imempigia Mwenyekiti. Mara ya kwanza kampuni kutupigia sisi.

Tarehe 26 Mei

Tumetia saini. Ada ya kila msikilizaji itakwenda kwa yule anayemsikiliza. Hesabu itaonyeshwa kila mwezi. Sauti ya marehemu haitatungiwa neno jipya. Malipo ya miaka iliyopita hatukupata, wala hatutapata. Kishindo amekomboa ngoma yake. Kwa wanaouliza kama wanyonge wenye vyombo vya muziki wanaweza kuibana kampuni kubwa, jibu langu ni kwamba wanaweza, kwa kiasi, nao watatoa kitu ambacho hawakukipanga.

Tarehe 31 Mei

Mvua imekatika. Kampuni imerudisha sanduku la kanda. Binti yangu alichagua moja, wimbo wa sifa nilioutunga mwaka aliozaliwa yeye, akaiweka katika redio ya zamani.

Mwanamke akaanza kuimba. Sauti ilikuwa na mikwaruzo, na katika mshororo wa pili ilishuka chini ya tuni kidogo. Nilisubiri mke wangu aingie.

"Mama," alisema binti yangu, uso wake umejaa nuru. "Baba, msikie Mama."

Nilisikiliza kwa moyo wangu wote. Nilimsikia mgeni, mzuri kiasi, anayemwiga yule aliyekuwa kabatini. Nilifumba macho nikajaribu kumkumbuka kwa njia nyingine, jikoni, kitandani, siku ya harusi. Kila alipofumbua kinywa, ilitoka ile sauti isiyovuta pumzi.

"Baba, ndiye, sivyo?"

"Ndiye," nilimwambia.

Naandika ukweli hapa kwa kuwa pale nilisema uongo. Binti yangu atakaposoma, anisamehe. Nimemwomba auweke wimbo huo kila siku baada ya alasiri, naye anadhani ni kwa furaha. Nakaa mbele ya redio kama mwanafunzi wa siku ya kwanza, nikijifunza mke wangu kutoka kwa binti yake.

Ewe uliyesoma hadi hapa, Mwenyezi Mungu akulindie masikio yako na wale ambao sauti zao ziko ndani yake. Aitie nyumba yako utulivu, awape walio hai haki yao, awape waliotangulia kimya chao. Nawe unikumbuke katika dua. Amina.